Sufuria ya Presha na Nyama ya Kidari

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo la jikoni. Wanaume wasiondoke wakidhani kuwa mazungumzo haya si yao, maana nyama hununuliwa kwa fedha, kuni hukatwa kwa shoka, na mvuke ukiunguza haubagui mwanamume wala mwanamke.

Mtu akienda buchani asubuhi ataona watu wakiagiza steki, na steki huisha upesi. Kidari, yaani nyama ya kifua cha ng'ombe, hubaki kikining'inia, na mara nyingi huuzwa rahisi zaidi. Atakayekinunua atakitia sufuriani, atachochea moto tangu adhuhuri hata alasiri, kisha watoto wataivuta nyama kwa meno kama wavutao kamba. Hapo watu husema, "Ng'ombe huyu alikuwa mzee." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa si la ng'ombe; ni la mpishi aliyeipua nyama kabla ya wakati wake. Basi na tutazame kwanza kwa nini kidari ni kigumu, ndipo tutakapoelewa namna ya kukilainisha.

UGUMU WA KIDARI

Mwanadamu ana mfupa wa mtulinga, uungao bega na kifua. Ng'ombe hana mfupa huo. Miguu yake ya mbele imeshikamana na mwili kwa nyama na kano tu, na juu ya miguu hiyo hulemea zaidi ya nusu ya uzito wake wote. Kwa hiyo nyama ya kifua hufanya kazi kila asimamapo na kila atembeapo. Kiungo kifanyacho kazi nyingi hupata nguvu, na nguvu hiyo ndiyo sisi huiita ugumu tukiwa mezani.

Ukikata kipande cha kidari utaona nyuzi nyekundu za nyama, na katikati yake utando na nyuzi nyeupe zinazozifunga pamoja kama ugwe ufungao mzigo wa kuni. Vitu hivi vyeupe vimejengwa kwa kitu ambacho wataalamu hukiita kolajeni. Kolajeni haitafuniki, lakini ina tabia moja njema. Ikikaa katika unyevu na joto lipitalo digrii 70 za sentigredi kwa muda wa kutosha, huyeyuka polepole ikawa gelatini, yaani ule ute mzito uonekanao katika supu ya makongoro. Kila aliyeacha supu hiyo ikapoa usiku kucha amekuta asubuhi imeganda. Kigandacho ni kolajeni ya miguu ya ng'ombe iliyokwisha geuka.

Hapa ndipo wapishi wengi wanapokata tamaa. Nyuzi nyekundu hukaza upesi zipatapo moto, lakini nyuzi nyeupe hulegea kwa kukawia sana. Kwa sababu hii nyama iliyochemka nusu saa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Mpishi akiionja wakati huo hudhani kuwa moto umeiharibu, kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Wengine watasema, "Sisi hupaka papai bichi." Ni kweli, utomvu wa papai huvunja nyuzi za nyama, na wapishi wa mishkaki waufahamu vema. Lakini nguvu yake huishia karibu na juu. Katika vipande vidogo hufaa. Katika pande nene la kidari huufanya upande wa nje uwe kama uji, na ndani hubaki vile vile. Pande nene lahitaji joto lifikalo mpaka kiini chake.

MVUKE ULIOFUNGWA

Je, tukiongeza kuni, joto la maji halitaongezeka? La. Mahali kama Mombasa, karibu na bahari, maji huchemka kwenye digrii 100. Yakiisha kuchemka, hata ukitia kuni za nyumba nzima hayazidi hapo. Hugeuka mvuke upesi zaidi tu na kupotea hewani. Nairobi, ambako ni kadiri ya meta 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Sababu yake ni kuwa hewa ya huko ni nyepesi, nayo huyalemea maji kwa uchache, hata yakapata kuchemka mapema. Ndiyo maana maharage na nyama hukawia kuiva milimani, ingawa sufuria yaonekana ikitokota kwa nguvu.

Ikiwa basi kulemewa kidogo hupunguza joto la maji, kulemewa sana kutaliongeza. Mtu aliyelifanyia kazi jambo hili alikuwa Mfaransa, jina lake Denis Papin. Mwaka 1679 aliwaonyesha wataalamu wa Royal Society mjini London chungu cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa, ambamo mvuke haukupata njia ya kutoka. Tarehe 12 Aprili 1682 wataalamu hao walikula chakula cha jioni kilichopikwa kwa chungu hicho, na mmoja wao, John Evelyn, aliandika katika kumbukumbu zake kuwa mifupa migumu ya ng'ombe na kondoo ililainika kama jibini, kwa makaa machache sana. Papin alijua pia hatari ya chombo chake. Kwa hiyo alikiwekea kitundu chenye kizibo kilicholemewa na uzito, ili mvuke ukizidi kiasi uinue kizibo na kutoka. Sufuria ya presha ya leo ni mjukuu wa chungu kile.

Huenda mtu akasema, "Nitaweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria yangu, nami nitapata yayo hayo." Na tupige hesabu. Kifuniko chenye upana wa sentimeta 20 kina eneo la sentimeta mraba 314. Jiwe la kilo 5 likigawanywa juu ya eneo hilo halifanyi kitu; joto la maji halitaongezeka hata nusu digrii. Sufuria ya presha hukandamiza maji kwa nguvu ya kadiri ya kilo 1 kwa kila sentimeta mraba, yaani ratili 15 kwa kila inchi mraba. Maana yake, kifuniko kile kile husukumwa juu kwa nguvu ipitayo kilo 300, kama uzito wa magunia matatu ya mahindi. Ndipo maji hufika digrii 120 au zaidi kidogo kabla ya kuchemka, na kazi ya saa tatu huwa kama ya saa moja. Kumbukeni magunia hayo matatu, maana tutayarudia.

NAMNA YA KUPIKA

Chukua kidari kilo moja na nusu. Usikiondolee mafuta yote. Acha kiasi cha unene wa kidole kidogo. Kipanguse kikauke, ukipake chumvi, pilipili manga, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja.

Tia mafuta kidogo katika sufuria ya presha, bila kuifunika, ukaange nyama pande zote mpaka igeuke rangi ya kahawia. Usiache kufanya hivi. Ile ladha ya nyama iliyochomwa haipatikani ndani ya maji wala ndani ya mvuke, kwa kuwa joto la huko halitoshi kuileta. Kisha itoe nyama, kaanga vitunguu maji viwili, tia nyanya mbili na bizari kidogo, nawe ukwangue vizuri kilichoshika chini ya sufuria.

Rudisha nyama, tia vikombe viwili vya maji. Hapana haja ya kuifunika nyama kwa maji, maana katika chombo hiki maji hayapotei mengi, na nyama yenyewe itatoa mchuzi. Lakini usitie pungufu, kwa sababu sufuria ikikauka hakuna mvuke tena, nacho chakula kitaungua usipoona.

Funga kifuniko, weka juu ya moto mkali. Mvuke ukianza kulia na kile chuma kizito kikaacho juu ya kitundu kikicheza, hapo ndipo uanze kuhesabu dakika, si kabla. Papo hapo punguza moto. Mwenye gesi azungushe kitasa. Mwenye jiko la mkaa atoe baadhi ya makaa. Watu wengi huacha sufuria ipige kelele kwa nguvu wakidhani nyama itaiva mapema. Haiwi hivyo, kwa kuwa kile chuma kimekwisha weka mpaka wa joto. Kelele nyingi ni maji na makaa yanayopotea bure. Mlio mdogo usiokatika watosha.

Pande zima la kilo moja na nusu lahitaji dakika 60 hadi 75. Likikatwa vipande vikubwa, dakika 35 hadi 40 zatosha. Sufuria za umeme za siku hizi nyingi hukandamiza kwa nguvu ndogo kidogo, basi huongezewa dakika kadhaa.

Sasa twafika penye jaribu. Dakika zimetimia, harufu imejaa nyumba, na wageni wamekwisha nawa mikono. Ondoa sufuria motoni, uiache. Usiimwagie maji baridi, wala usiufungulie mvuke kwa ghafula. Maji yaliyo ndani ya nyama wakati huo yana joto lipitalo la kuchemka. Mkandamizo ukiondoka mara moja, hutokota ndani ya nyuzi na kutoka, na nyama iliyokuwa laini huwa kavu. Ngoja dakika 15 au 20, mpaka sufuria inyamaze yenyewe.

Ukifungua, choma kwa uma. Ikiwa uma wapita bila kushindana, nyama imeiva. Ikiwa yakataa, usikasirike. Kolajeni haijaisha kuyeyuka. Funga tena, ongeza dakika 10 au 15. Nyama ya ng'ombe mkubwa huhitaji hivyo mara nyingi. Mwisho, iache ipumzike kidogo, kisha uikate kwa kukingama nyuzi zake, wala usiifuate nyuzi. Nyuzi fupi hutafunika. Nyuzi ndefu hukwama menoni hata kama nyama ni laini.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Turudi kwenye yale magunia matatu. Mtu afunguaye kifuniko kwa nguvu kabla mvuke haujaisha anafungua mlango ambao nyuma yake uzito huo wote unasukuma. Kifuniko kitaruka, na mchuzi wa moto utamfuata usoni. Basi kifuniko kikikataa kufunguka, usitafute nyundo wala usimwite mwenye mikono ya nguvu. Kinakuonya. Ngoja.

Kabla ya kupika, inua kifuniko mbele ya mwanga utazame kama kitundu ki wazi. Ganda moja la maharage laweza kukiziba. Usijaze sufuria kupita theluthi mbili, na kwa maharage au dengu, ambavyo hutoa povu, usipite nusu. Mpira wa kifuniko ukipasuka au ukiwa mgumu, nunua mwingine. Na kile kizibo kidogo cha usalama, ambacho hufunguka chenyewe hatari ikikaribia, kisibadilishwe kwa msumari, wala kijiti, wala risasi ya fundi. Afanyaye hivyo amemwua mlinzi ili mlango usigongwe. Watoto nao wakae mbali na jiko muda wote sufuria inapolia.

Twajua kuwa sufuria hii hugharimu fedha, na si kila nyumba inayo. Asiyekuwa nayo asidharau kidari. Sufuria ya kawaida yenye kifuniko kinachokaa vema, moto mdogo na saa tatu au nne zitafanya kazi ile ile, maana kolajeni haiulizi chombo. Huuliza joto na muda. Lakini mwenye nayo atabakiza kuni nyingi na nusu ya siku yake, nazo kwa mama mwenye shamba na watoto si kitu kidogo.

Wazee wetu walisema, haraka haraka haina baraka. Chombo hiki chaweza kuonekana kuwa kimeikanusha mithali hiyo, kwa kuwa kimekuja kutuharakishia. Lakini mwenye kukitumia huona kuwa kimeacha dakika ishirini za mwisho zisiharakishwe na mtu yeyote. Azingojae hula nyama laini, na uso wake hubaki mzima.