Bomba linaishiwa pumzi: kwa nini matuta ya mwanzo yanalowa na ya mwisho yanabaki na wadudu

Leo nazungumza na nyinyi mnaolima tungule, matango na pilipili boga huku Kiwengwa kwa ajili ya hoteli, na mnaotumia lile bomba dogo ambalo unalipampu kwanza, unalitia begani, kisha ndo unapulizia.

Kijana mmoja aliniita shambani kwake. Kanambia: "Bwana shamba, nimeuziwa dawa feki. Matuta ya mwanzo wadudu wamekufa, ya mwisho inzi weupe wanaruka kama kawaida. Safari hii nazidisha kipimo mara mbili."

Nikamwambia subiri kwanza. Tukatia maji matupu kwenye bomba, karibu ya kujaa, kama anavofanya siku zote. Akapampu, akapita kwenye matuta kwa mwendo wake ule ule. Tuta la kwanza majani yalikuwa yanachuruzika. Kufika la sita, nozeli inatema matone makubwa makubwa karibu na kiatu chake. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye hewa.

Na fikiria angezidisha. Matuta ya mwanzo, ambayo tayari yanapata nyingi, yangepata mara mbili tena, na tungule hizo hizo ndo zinakwenda jikoni hotelini. Mteja wa hoteli ukimpoteza kwa sababu ya mabaki ya dawa, kumrudisha si kazi ndogo.

Hewa inasukuma vipi?

Ndani ya bomba hakuna mashine inayosukuma dawa. Kuna hewa tu uliyoibana. Hewa ni molekuli, vijipande vidogo mno visivyoonekana, vinavyokimbia huku na huku bila kutulia. Chukulia watoto wa skuli wakati wa mapumziko, wanakimbia uwanjani na kugonga ukuta. Kule kugonga ukuta ndo presha. Ukiupunguza uwanja nusu, watoto ni wale wale, basi watagonga ukuta mara mbili zaidi. Ukiupanua mara mbili, kugonga kunapungua nusu.

Robert Boyle aliiandika kanuni hii mwaka 1662: joto likiwa halibadiliki, nafasi ya hewa ikiongezeka mara mbili, presha inashuka nusu. Gesi inayofuata hesabu hii sawasawa wataalamu wanaiita gesi kamilifu. Hewa ya kwenye bomba lako si kamilifu mia kwa mia, lakini kwa presha hizi ndogo inaikaribia sana, na hesabu inatosha kwa kazi yetu.

Hamniamini? Waulizeni vijana wanaozamia na watalii kule Mnemba. Mita 10 chini ya maji presha ni mara mbili ya ile ya juu. Povu la hewa likitoka huko linafika juu limekuwa kubwa mara mbili. Ndo maana mzamiaji anakatazwa kuzuia pumzi anapopanda.

Sasa turudi kwenye bomba

Tuseme tangi lina nafasi ya lita 8 kwa jumla. Unatia dawa lita 5, hewa inabaki na lita 3. Unapampu mpaka geji inasoma bar 3. Kumbuka geji inahesabu kilichozidi hewa ya nje, na hewa ya nje peke yake ina kama bar 1. Kwa hivyo ndani kuna bar 4.

Unapulizia lita 3 bila kupampu tena. Hewa sasa ina nafasi ya lita 6, mara mbili ya mwanzo. Ndani inabaki bar 2. Toa 1 ya nje, geji inasoma bar 1 tu. Yaani presha inayosukuma dawa imebaki theluthi moja.

Dawa inayotoka kwenye nozeli inafuata kipeuo cha pili cha presha hiyo, kwa hivyo inashuka mpaka kama asilimia 58 ya mwanzo. Juu ya hayo, matone yanakuwa makubwa na hayasambai vizuri. Inzi weupe wanakaa chini ya jani, na tone zito haliwafikii.

Yule kijana hali yake ilikuwa mbaya zaidi, maana alijaza lita 7 akabakisha hewa lita 1. Kwa hesabu ile ile, akitoa lita 1 tu geji imeshashuka kutoka 3 hadi 1. Akitoa lita 3, hewa imepanuka mara nne, ndani inabaki bar 1 sawa na nje, bomba limekufa. Alifikiri anaokoa safari za kujaza. Kumbe ile nafasi tupu ndo injini ya bomba.

Na joto je?

Joto likipanda, molekuli zinakimbia kwa kasi zaidi na kugonga kwa nguvu. Hesabu yake inaanzia nyuzi 273 chini ya sifuri, kwa hivyo nyuzi 27 ni kelvini 300. Ukiliacha bomba lililopampiwa juani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 57, yaani kelvini 330, presha ya ndani inapanda kwa asilimia 10: bar 4 inakuwa 4.4. Kwa nambari si nyingi, lakini plastiki nayo ikipata moto inalegea. Jua la kaskazi mnalijua wenyewe. Usiliache bomba lenye presha juani, na usifungue kifuniko kabla ya kutoa hewa kwa valvu. Dawa ikikurukia usoni utajuta.

Fanya hivi

1. Usipite alama ya kujazia iliyoko kwenye tangi. Kama alama imefutika, kwenye tangi la lita 8 tia lita 5.
2. Pampu tena kila ukitoa lita 1. Katika mfano wetu geji itashuka kutoka 3 hadi 2 tu, na kadiri hewa inavopata nafasi, kila lita inayofuata inashusha presha kidogo zaidi.
3. Jipime kwa maji matupu. Kinga nozeli kwenye chupa kwa dakika moja baada ya kupampu, kisha kinga tena ukishatoa lita 3. Utaona tofauti kwa macho yako.
4. Pulizia asubuhi mapema, kabla jua na upepo havijakuwa vikali.
5. Wenye bomba la mgongoni la mkono, nyinyi mnapampu huku mnatembea. Shikeni mdundo mmoja, msipampu kwa hasira mwanzo halafu mkachoka.

Yule kijana hakununua dawa nyengine. Alitumia ile ile, kwa kipimo kile kile cha kwenye kibandiko, akawa anasimama kupampu kila baada ya matuta mawili. Nilipopita tena, tuta la sita lilikuwa halina tofauti na la kwanza.

Kabla hujamlaumu muuza dawa, pima bomba lako.