Usiuze Lapi Ju ya DVD

Hapa Luthuli Avenue kuna mchezo huchezwanga kila siku, na huniuma vibaya. Msee anakuja na lapi yake ya kitambo, zile ngumu za ofisi zenye huletwanga kutoka Uingereza zikiwa zimetumika, anasema draivu ya DVD imegoma. Jamaa wa kaunta anaishika, anaisikiza kidogo, anatingisha kichwa. "Hii imeenda, buda. Wacha nikupee ngiri nne, uongezee doh uchukue ingine." Na msee anakubali, anaacha mashine yenye ingemsukuma miaka mingine mob. Maze, draivu ni kitu moja tu, tena kwa lapi hizi za kitambo hushikwanga na skrubu moja. Haiwezi kuamua bei ya lapi nzima.

Kwanza hakikisha imegoma ukweli. Kuanzia Windows 8, uwezo wa kucheza movi za DVD ulitolewa ndani ya Windows. Unaeka diski ya DJ Afro, inazunguka fiti, halafu mashine inakukazia. Hapo draivu haina makosa. Dunga VLC, ni ya bure, na story inaisha.

Kama draivu haionekani kabisa, washa mashine uingie BIOS kabla Windows haijaamka. BIOS ikiiona na Windows haiioni, mara mob shida ni ya programu. Kuna maingizo mawili kwa rejista ya Windows, UpperFilters na LowerFilters, yenye huharibiwanga na programu za kuchoma diski. Fundi anaweka kopi kando, anayafuta, anawasha tena, na draivu inarudi. BIOS yenyewe isipoiona, ama ikiiona na bado haisomi, hapo sasa ndio unashika bisibisi.

Zima, chomoa chaja, toa batri. Geuza lapi tumbo juu utafute ile skrubu imeshikilia draivu. Ikishatoka, sukuma draivu polepole hadi iteleze nje. Kwa uso wake kuna kashimo kadogo sana. Nyoosha klipu ya karatasi, iingize wima hadi uhisi kitu kimeachilia, na trei itaruka kidogo. Ivute. Kando ya pale katikati penye diski hukaa utaona lenzi, katone ka maji kenye rangi ya buluu, inaning'inia kwa nyaya nyembamba sana. Ndio maana hukandamizi. Chukua pamba ya masikio, ilowe kidogo na alkoholi ya isopropili, pitisha juu ya lenzi kwa upole, uache ikauke. Usipulize na mdomo, ju mate ndio yatabaki hapo. Vumbi ya Eastlando haina huruma. Ikijaa kwa lenzi, mwale haupiti vizuri, draivu inazunguka, inalia kr-kr-kr, inanyamaza. Nimeona draivu zimehukumiwa kifo zikifufuka na pamba ya bob mbili.

Ikisoma CD na ikatae DVD, rada ni ingine. Ndani kuna miale miwili: ya CD ni ya nanomita 780, ya DVD ni 650. Mmoja unaweza kuchoka mwenzake akiwa fiti, na ukishakufa hakuna kusafisha kutauamsha. Usikubali kulipishwa doh ya usafi hapo. Tafuta draivu imetumika, lakini pima unene kwanza: kuna za milimita 12.7 na za 9.5, na ile nene haitaingia kwa nafasi ya ile nyembamba. Hamisha pia kile kipande cha plastiki cha mbele, ndio lapi isibaki na pengo.

Lakini mimi ukiniuliza kama ununue draivu ingine, nitakuuliza mara ya mwisho ulieka diski ni lini. Kama hukumbuki, hiyo nafasi iko na kazi poa zaidi. Kuna fremu, mafundi huiita kedi, yenye inaingia pale pale DVD ilikuwa. Toa hadi diski ya zamani ya lapi uiweke kwa kedi ibebe miziki na movi, halafu SSD mpya ikae kwa nafasi kuu. Mashine ilikuwa inachukua dakika kadhaa kuamka itaamka mbio. Doh ikiwa kidogo, hiyo ndio matengenezo ya kwanza ningefanya kwa lapi yoyote ya kitambo.

Na bei, ukiamua kununua lapi ingine imetumika? Usidanganywe na mtu anakuimbia "i5" peke yake. Soma namba zenye zinafuata: i5-2520M ni kizazi cha pili, i5-8350U ni cha nane. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inadai kutoka kizazi cha nane kuendelea. Chini ya hapo lapi bado inafanya kazi, unaeza idunga Linux Mint na usome nayo chuo, lakini mwenye anauza asikutoze kama mpya. Pima batri na amri ya powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sai. Cheki BIOS isiwe imefungwa na nywila ya kampuni ya kitambo. Kama matengenezo yanapita robo ya bei yenye lapi ingeuzwa ikiwa fiti, mimi husema sare.

Kitu moja tu hunifanya nipiganie draivu: diski za mathe. Ruracio, harusi ya auntie, mazishi ya guka, zote ziko kwa DVD zilichomwa na mpiga video wa mtaa, hakuna kopi ingine. Diski za kuchomwa huhifadhi data kwa rangi, na hiyo rangi huishanga na jua na joto, kwa hivyo anza kukopi hizo kabla ya movi za dukani. DVD ya kawaida ni GB 4.7, fleshi ya GB 32 inabeba sita. Ukikopi diski nzima iwe faili moja ya ISO, fomati fleshi iwe exFAT, ju FAT32 haibebi faili inapita GB 4. Na kama lapi yako haina draivu tena, changeni na mabeshte mnunue ile ya nje ya USB, izunguke keja kwa keja.