Nyasi za Chogoria, Maji ya Ozi

Mama Mkubwa alizaliwa Ozi, kando ya Mto Tana, karibu na Kipini ambako mto huo huingia baharini. Shamba la mpunga alilorithi kwa babake halijalimwa kwa miaka kadhaa. Wasomaji wetu wa pande zile wanaijua sababu. Kilimo cha Ozi tangu zamani hutegemea maji kujaa: bahari ijaapo huusukuma mto nyuma, na maji matamu hupanda mashambani yenyewe, bila pampu. Mto ukipungua nguvu, kinachopanda ni chumvi, nayo huua mpunga, kisha miembe na minazi. Basi siku moja akatuambia, "Wanangu, nipelekeni nikaone maji haya yanatoka wapi."

Tana ina vyanzo vingi, katika milima ya Aberdare na katika Mlima Kenya. Tulimchagulia Mto Nithi, ushukao upande wa mashariki wa Mlima Kenya juu ya mji wa Chogoria, katika nchi ya Meru ya zamani, ambayo leo ni kaunti ya Tharaka-Nithi. Mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yote yamejengwa kabla ya mahali maji ya Nithi yanapoingia Tana. Maji haya, kwa hiyo, huteremka hadi kwetu bila kuzuiwa na hata moja kati ya hayo. Tulikusudia kwenda mara moja. Kwa mwaka mmoja tumekwenda mara nne.

Safari ya kwanza ilikuwa Januari, kaskazi ikivuma kwetu na mlima ukiwa mweupe wa jua. Barabara hupita msituni, kisha katika mianzi, hadi lango la hifadhi lililo karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake ipo miti mikubwa iliyovikwa ndevu za kuvu, na baada ya miti hiyo mbuga ya nyasi hufunguka ghafla, ikipanda taratibu hadi Ziwa Ellis, zaidi ya mita 3,400. Tulilala karibu na lango, katika kibanda chenye meko. Alfajiri tulipotoka kutawadha, nyasi zote zilikuwa zimefunikwa sakitu, yaani umande ulioganda, na maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu. Hatuoni haya kusema kwamba udhu wa siku ile ulikuwa wa haraka. Ilipofika saa tatu tulikuwa tumekwisha kuvua makoti. Huko juu mchana ni kiangazi na usiku ni baridi kali, karibu kila siku ya mwaka, na mimea imejizoeza. Ipo lobelia moja kubwa ambayo jua lizamapo hukunja majani yake kulifunika chipukizi lililo katikati, kama mama anayemfunika mwanawe kwa kanga, na asubuhi huyafungua tena.

Lakini Mama Mkubwa hakuvutiwa sana na maua. Alizoea udongo wa mpunga, na alipokanyaga pale alisema ardhi inabonyea kama godoro. Akainama, akatia vidole katika shina la kishungi cha nyasi na kukaminya. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, lakini maji yalimtiririka kiganjani. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Jambo hilo ndilo tungependa msomaji alishike. Nyasi zile humea kwa vishungi vinene, na chini yake kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza polepole kwa sababu ya baridi. Udongo huo hunywa mvua na ukungu, kisha huyaachia maji kidogo kidogo wakati wa ukame. Moto ukipita, mvua inayofuata huteremka kwa kishindo, na baada yake mto hukauka mapema. Machi 2012 moto uliteketeza maelfu ya ekari mlimani humo, na mwaka 2019 ukazuka tena katika nyanda za juu.

Aprili hatukuona kitu. Gari lilizama matopeni msituni, ukungu ukatufunika, na adhuhuri na alasiri tulizisali pamoja kando ya njia, tukielekea kaskazini kwa dira ya simu. Kibla cha Meru na cha Mombasa havipishani sana. Vijana wa jirani walitutoa kwa majembe, wakakataa fedha, wakakubali mahamri.

Agosti ilikuwa baridi ya mchana kutwa, na nyasi zilikuwa na rangi ya simba. Pumzi za Mama Mkubwa zilipungua kwa ule mwinuko, akabaki kwenye meko. Sisi tukapanda kwa miguu asubuhi nzima hadi ziwani, na katika kurudi tukamjazia chupa ya maji ya Nithi. Mwenye mzee au mtoto mdogo asikimbilie kupanda: alale usiku mmoja karibu na lango kwanza, na kichwa kikimuuma, ateremke.

Novemba ndiyo safari tuliyoipenda kuliko zote. Pwani tumezoea kuiheshimu masika, lakini upande huu wa mlima vuli ndiyo yenye mvua nyingi. Vishungi vilikuwa vimejaa hadi vidimbwi vikazuka kati yake, na maporomoko ya Nithi yalisikika kabla hayajaonekana. Mama Mkubwa alisimama chini ya mwavuli, akampigia simu nduguye aliyebaki Ozi. "Uangalie mto," akamwambia. "Nimeuona ukiondoka."

Nduguye alipiga baada ya siku kadhaa. Mto umepanda na rangi yake imegeuka. Maji ya kupwa ni matamu, lakini ya kujaa bado yana chumvi kidogo ulimini. Mama Mkubwa alimuuliza maswali mengi, hasa kuhusu kona ya shamba iliyo mbali na bahari. Kisha akatutuma sokoni tumnunulie kilo mbili za mbegu ya mpunga.