Barua Taka Hukataliwa Mlangoni

Tuseme ushirika mdogo wa wakulima wa Katoto, Kamina, una kompyuta moja waliyoifanya seva ya barua pepe, na kikoa chao kinaishia na .cd, herufi za Kongo (DRC). Ofisi imefungwa, watu wamelala. Saa nane usiku seva inapigiwa hodi.

Utaratibu wa mazungumzo hayo aliuandika Jon Postel mwaka 1982, na msingi wake ni uleule hadi leo. Mgeni anagonga mlango namba 25. Seva inajibu 220, yaani karibu. Mgeni anajitambulisha, anamtaja aliyemtuma, kisha anamtaja anayeandikiwa: kabwe. Seva inapekua orodha yake, haimwoni Kabwe, inajibu 550: hayupo hapa. Mgeni haoni haya. Anataja ilunga, anataja ngoy, directeur, info. Huyo ni roboti mwenye daftari la majina, na usiku ni mrefu.

Fundi mwenye huruma huiweka seva ipokee jina lolote lile, barua ya mteja isije ikapotea kwa herufi moja iliyokosewa. Hapo kila jina analobahatisha roboti linakuwa sahihi. Mwingine huacha barua zote ziingie, azichambue baadaye. Kwa wanaonunua mega kidogo kidogo, huo ni ufujaji: jibu la 550 ni herufi chache, lakini barua yenye picha na viambatisho ukishaipokea umeshailipia. Tena ukiipokea halafu ukairudisha, unairudisha kwa nani? Jina la mtumaji ni la kughushi, kwa hiyo mzigo unamwangukia mtu asiyehusika, na seva yako yenyewe inageuka msambazaji wa taka. Kukataa kufanyike mgeni akiwa bado kizingitini.

Hila ninayoipenda mimi ni ile aliyoitangaza Evan Harris mwaka 2003. Mgeni asiyefahamika haambiwi hapana. Anapewa jibu la 451, yaani sasa hatuwezi, rudi baadaye. Seva ya kweli hutunza barua yake na kurudi baada ya dakika kadhaa. Roboti nyingi hazina subira hiyo, zimeshahamia kwa jirani. Ubaya wake ni kwamba namba ya siri ya benki, ile inayokufa baada ya dakika tano, nayo husubirishwa nje.

Zipo pia orodha za anwani za mtandao zilizokwisha kuchafuka, kama zile za Spamhaus, shirika lililoanza mwaka 1998. Seva huuliza, hujibiwa mara moja.

Maneno ya ndani ya barua ndiyo mtihani. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza namna ya kuifundisha programu ihesabu maneno: hili huonekana zaidi kwenye taka, lile kwenye barua za kawaida, kisha ipige hesabu ya uwezekano. Njia hiyo inafanya kazi, ila Kongo ina kisa chake. Mobutu, rais wake wa zamani, alipofariki Rabat Septemba 1997, dunia ilianza kupokea barua za matapeli waliojifanya mjane wake au wanawe, wakiomba msaada wa kutoa mamilioni ya dola yaliyofichwa. Kichujio kilichofunzwa kwa barua kama hizo kinaweza kumtilia shaka hata katibu wa ushirika wa Katoto anayeandika kwa haki kuhusu Kongo, dola na benki.

Ndiyo maana ni afadhali kuthibitisha jina kuliko kunusa maneno. Mwenye kikoa hutangaza, kwenye kumbukumbu za kikoa chake, ni anwani zipi za mtandao zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Utaratibu huo huitwa SPF. Mwenzake, DKIM, hutia barua sahihi ya kihisabati. Wa tatu, DMARC, humwambia mpokeaji afanye nini mtihani ukishindwa.

Lakini ulinzi wote huo umesimama juu ya kumbukumbu hizo za majina ya vikoa, na hapo Kongo iliponea chupuchupu. Mwishoni mwa mwaka 2020 mtafiti wa usalama Fredrik Almroth aligundua kwamba scpt-network.com, jina lililotegemewa na baadhi ya seva zinazoelekeza vikoa vya .cd, lilikuwa limeachwa likaisha muda na linauzwa kwa yeyote. Akalinunua yeye kabla halijanunuliwa na mhalifu. Aliyelishika angeweza kuvuruga takriban nusu ya maulizo ya .cd, na kuzipeleka barua za watu kwenye seva aitakayo. Mamlaka za Kongo ziliarifiwa, na mpango ukarekebishwa kwa kutumia jina jingine.

Wewe unayesimamia kikoa, hata kiwe kidogo namna gani: leo hii, kabla hujagusa kichujio chochote, angalia tarehe ambayo jina lako litaisha muda.