Neno refu la Kiingereza: likate, ndipo ulisome

Uwe Gitega mjini au katika kambi ya Kinama huko Muyinga, fomu ya Kiingereza isikutishe. Kiswahili nacho huunganisha vipande: ha-tu-ja-andikishwa.

Unregistered: un- hukanusha kama ha-, register ni kuandikisha, -ed huonyesha tendo limefanyika. Maana: hajaandikishwa. Ukiruka un-, utatia alama kwenye kisanduku kisicho chako.

Resettlement: re- ni tena, settle ni kukaa mahali, -ment huunda jina. Maana: kuhamishiwa makazi mapya. Ili kulitamka, fuata silabi: re-set-tle-ment.

Angalia: un ya under haikanushi, kwa sababu der peke yake si neno.

Bado huelewi? Uliza kabla ya kutia sahihi.