Fahamu: Mtaro wa kebo unavyoua mti mkubwa

Mti mkubwa haufi siku mtaro unapochimbwa kando yake. Unaweza kuendelea kuchipua miaka kadhaa, kisha matawi ya juu yakaanza kukauka, na hapo fundi aliyelaza kebo keshasahaulika.

Wengi hudhani mizizi huzama chini kabisa. Sivyo. Iliyo mingi imo katika sentimita 60 za juu za udongo, penye hewa na maji, nayo hutambaa kupita kivuli cha matawi. Kwa bahati mbaya, kebo za intaneti na mabomba hulazwa kina hichohicho. Mtaro ukipita karibu na shina hukata karibu mizizi yote ya upande ule: mti unakosa maji, na pia unakosa nanga wakati wa upepo.

Nchini Uingereza, mwongozo wa kampuni za huduma za chini ya ardhi unakataza kuchimba ndani ya mita 1 kutoka shinani bila kushauriana kikamilifu na mtaalamu wa miti wa halmashauri. Baada ya hapo, hadi umbali wa mara 4 ya mzingo wa shina, mashine hazichimbi. Ni kwa mkono. Mzingo ukiwa mita 2, eneo hilo hufika mita 8. Mzizi wenye unene wa milimita 25 au zaidi haukatwi ovyo.

Njia bora, japo ghali, ni kutoboa tundu la mlalo chini ya mizizi na kupenyeza kebo humo.