Keti Kwanza Kisimani

Somo: Yohana 4:1-42

Popote ulipo wakati huu, ikiwa unakunywa chai kabla ya kwenda shambani, ikiwa unafungua duka lako, au ikiwa umelala kitandani kwa ugonjwa, karibu tufikiri pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo Wakristo wengi hulikubali kwa midomo na kulikimbia kwa miguu, yaani kuwaeleza Habari Njema wale wasioamini. Wako miongoni mwetu wanaonyamaza kwa haya. Mtu amekaa na jirani yake miaka kumi, wanaazimana jembe na chumvi, lakini jina la Yesu halijatajwa hata siku moja. Tena wako wasionyamaza kabisa. Hao wakiingia katika nyumba ya mtu, huanza kumhukumu kabla hawajakaribishwa kiti. Mimi nimekuwa katika makundi yote mawili. Leo nitaungama kosa langu mbele yenu, ili lisiwe kosa lenu.

Nilipokuwa mwinjilisti kijana huko Kitui, tulikuwa na jirani mmoja mzee, mrina asali. Hakuja kanisani, wala mkewe hakuja. Mama yule alipofariki, watu wa ukoo waliniomba nije kuomba kaburini. Basi nikaona nimepewa nafasi. Badala ya kuomba, nikahubiri. Nikasema juu ya wale wanaokufa bila kutubu, na mahali wanapokwenda. Niliposema hayo nilimtazama mzee yule usoni, nikidhani moyo wake utachomwa naye ataokoka pale pale. Mzee hakusema neno. Alichukua fimbo yake, akaondoka kabla kaburi halijajaa udongo.

Ndugu zangu, maneno yangu siku ile yalikuwa na aya nyingi za Biblia. Lakini niliketi katika kiti cha Hakimu, ambacho si changu, na nikamjeruhi mtu aliyekuwa amejeruhiwa tayari. Kwa muda wa miaka minne mzee yule hakuitikia salamu ya mtu yeyote wa kanisa letu.

Sasa tufungue Injili ya Yohana, sura ya 4, tumwangalie Bwana wetu mwenyewe. Alikuwa akipita Samaria, akafika karibu na mji uitwao Sikari. Ilikuwa yapata saa sita, jua la utosi. Amechoka, akaketi penye kisima cha Yakobo. Akaja mwanamke Msamaria kuteka maji. Nanyi mnajua kwamba Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana.

Je, Yesu alianzaje? Hakuanza na dhambi za mwanamke yule, ingawa alizijua zote. Hakuanza na makosa ya dini ya Wasamaria, ingawa aliyajua hayo pia. Alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Mwenye maji ya uzima alikuwa na kiu, wala hakuona haya kusema hivyo. Alijiweka chini ya wema wa mtu ambaye watu wake walimdharau. Mwanamke yule alizoea kuonekana kama mtu asiye na kitu cha kutoa. Kumbe leo kuna mtu anayehitaji msaada wake!

Kisha angalia jinsi Bwana alivyomwachia nafasi ya kusema. Mwanamke aliuliza kwa nini Myahudi anamwomba maji. Akauliza kama Yesu ni mkubwa kuliko Yakobo aliyewapa kisima kile. Akauliza juu ya mahali pa kuabudu, ni mlimani au ni Yerusalemu. Yesu hakumwambia kwamba maswali yake ni ya kijinga. Alijibu kila moja, na kila jibu lilimleta karibu zaidi.

Lakini msidhani kwamba upole maana yake ni kuficha ukweli. La, hasha! Bwana alimwambia wazi habari ya wanaume watano aliokuwa nao, na ya huyo wa sita asiye mumewe. Tena alimwambia wazi kwamba yeye ndiye Masihi. Ukweli wote ulisemwa. Ila ulisemwa na mtu aliyekwisha kuketi, aliyekwisha kuomba, na aliyekwisha kusikiliza. Ndiyo maana mwanamke hakukimbia kwa aibu. Alikimbia kwa furaha kwenda kuwaita wengine, hata akauacha mtungi wake.

Tena kuna jambo moja hapa ambalo hunichoma kila nisomapo. Wanafunzi wa Yesu waliingia katika mji ule ule siku ile ile. Walikwenda kununua chakula, wakarudi na chakula. Mwanamke yule aliingia mjini, akarudi na watu wa mji. Wanafunzi walikuwa wamefundishwa muda mrefu, naye alikuwa amefundishwa saa moja tu. Je, sisi tukienda sokoni siku ya soko, tunarudi na nini?

Mtume Paulo naye alijifunza njia hiyo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 17 tunasoma jinsi alivyofika Athene. Mji ulijaa sanamu, na roho yake ikachukizwa sana. Lakini aliposimama Areopago hakuanza na matusi juu ya sanamu zao. Alikuwa amezunguka kwanza, ametazama, na ameona madhabahu moja iliyoandikwa kwa ajili ya Mungu wasiyemjua. Akaanzia hapo. Alitaja hata maneno ya washairi wao wenyewe. Kisha akafika mpaka kwenye toba, hukumu, na ufufuo wa Yesu, bila kupunguza kitu.

Na matokeo yalikuwaje? Wengine walidhihaki. Wengine walisema watamsikiliza tena siku nyingine. Wachache waliamini, miongoni mwao Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Ndugu, kama Paulo mwenyewe alipata makundi hayo matatu, usivunjike moyo ukiyapata wewe.

Sasa turudi hapa kwetu Kenya. Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Miezi michache tu baada ya kufika, mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye alibaki, na kazi aliyoishika ilikuwa ya kuketi na kusikiliza. Aliketi na wenyeji wa pwani akajifunza Kiswahili, neno kwa neno. Mwaka ule ule wa 1844 alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu, mtu wa elimu. Mwalimu wa Injili alikubali kuwa mwanafunzi. Naye aliomba maji kabla ya kutoa maji.

Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alifika, wakaenda kukaa Rabai. Hawakuona makutano wakimiminika. Wa kwanza kuipokea Injili kutoka kwao alikuwa Mringe, mtu kiwete, ambaye alibatizwa karibu na kufa kwake. Krapf alipokwisha kurudi Ulaya, Rebmann aliendelea kukaa Rabai mpaka mwaka 1875, akawa kipofu, na Wakristo waliomzunguka walikuwa wachache sana. Mtu angesema kazi ile imepotea. Lakini leo ukipita Rabai utaona kanisa, na ukihesabu Wakristo wa nchi hii utachoka. Paulo anaeleza katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 3, kwamba mmoja hupanda, mwingine hutia maji, bali Mungu peke yake ndiye akuzaye. Basi tusiwalazimishe watu kuiva kabla ya msimu.

Mtaniuliza, yule mzee wa Kitui je? Siku moja, baada ya miaka minne, nilisoma Yohana 4 nikiwa peke yangu, na Neno likanihukumu. Niliinuka nikaenda nyumbani kwake bila Biblia mkononi. Alikuwa ameketi chini ya mti akichonga gogo la mzinga. Akaniuliza, "Umekuja kunizika na mimi?"

Nikasema, "Mzee, nimekuja kuomba msamaha kwa maneno niliyosema kaburini. Tena nimekuja kuomba unifundishe kutundika mzinga. Nina watoto wa kusomesha, na mshahara hautoshi."

Alichonga kwa muda mrefu bila kunitazama. Kisha akasema, "Njoo kesho jua likishuka. Usijipake mafuta yenye harufu. Nyuki hawayapendi."

Kwa misimu miwili nilikuwa mwanafunzi wake. Nilijifunza kuchagua mti, kuwasha mwenge wa majani makavu, na kupanda taratibu usiku. Alinifundisha kwamba mtu mwenye pupa huumwa na nyuki na tena huharibu masega. Na tukiwa kazini, mambo yakatoka moyoni mwake. Nilikuja kujua kwamba miaka mingi nyuma mzee mmoja wa kanisa letu alichukua mbuzi wake watatu kwa mkopo, asimlipe. Kila Jumapili mzee alimwona mtu yule akipita na Biblia kwapani. Ndugu, mimi nilidhani anaikataa Injili. Kumbe alikuwa akiwangoja mbuzi wake!

Nilipeleka jambo lile mbele ya wazee wa kanisa. Halikuwa jambo jepesi, na wengine walinikasirikia. Lakini deni lililipwa. Jioni ile aliyekopa alipokwisha kuleta mbuzi na kuondoka, mzee aliniuliza, "Yule mama niliyemzika, huyo Mungu wako alimwona?"

Nikamwambia, "Alimwona, mwanzo hata mwisho. Mimi nilisema kaburini jambo nisilolijua. Hukumu ni yake Mungu, naye hakosei wala hana upendeleo. Lakini wewe u hai, na ninaweza kukueleza habari za Yesu, kwa maana alinisamehe mimi pia." Ndipo nikamsomea sura hii ya Yohana. Akaniomba niisome tena. Nilipomaliza mara ya pili akauliza kama mwanamke yule alikumbuka kurudi kuuchukua mtungi wake. Nikamjibu kwamba Biblia haisemi. Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba ule.

Baadaye alianza kuja kanisani, akiketi benchi la nyuma karibu na mlango. Nilipohamishwa kwenda mahali pengine, alikuwa bado hajaomba ubatizo. Ningependa kuwaambia zaidi, lakini hapo ndipo sehemu yangu ilipoishia. Nilimwacha mikononi mwa Bwana, na ndugu aliyechukua nafasi yangu alijua njia ya kwenda chini ya mti ule.

Basi tufanye nini, ndugu msikilizaji? Nakuachia mambo manne ya kushika wiki hii.

Kwanza, mwombee mtu mmoja kwa jina lake. Usiombee "wasioamini" kwa jumla tu, kwa maana ni rahisi kuwapenda watu usiowajua.

Pili, nenda ukaketi naye. Mwombe jambo analolijua kuliko wewe, iwe ni kushona, kupanda viazi au kutengeneza baiskeli. Usifanye hivyo kama mtego. Fanya kwa sababu kweli unahitaji msaada wake, na kwa sababu Mungu amempa kitu.

Tatu, lipa unachodaiwa. Kama wewe au kanisa lako mmemkosea, deni hilo linapiga kelele kuliko mahubiri yako. Litengenezeni kwanza.

Nne, saa ikifika, sema. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila aulizaye juu ya tumaini letu, tena kwa upole na kwa heshima. Ujirani mwema peke yake haumwelezi mtu msalaba. Mtaje Yesu wazi, aliyekufa kwa ajili ya dhambi zetu na akafufuka. Sema alivyokutendea wewe, kisha mwachie Roho Mtakatifu kazi yake.

Na wewe unayesikiliza leo bila kuamini, labda kwa sababu Mkristo fulani alikuumiza, nakuomba radhi kwa niaba yake. Usimpime Bwana kwa kipimo chetu sisi watumishi wake. Yeye angali ameketi penye kisima, naye ana nafasi ya kukusikiliza.

Na tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyechoka ukaketi njiani, utusamehe kwa maneno yetu makali na kwa kimya chetu cha uoga. Utupe masikio kabla ya ulimi. Uwakumbuke wale tuliowajeruhi kwa jina lako, ukawaponye. Utupeleke wiki hii kwa mtu mmoja, na utupe neno la kumwambia. Amina.